Mlinzi wa Tarehe

Mhadhara kwa wananchi, Sumbawanga



Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kumsaidia mumewe au mkewe anapoanza tiba ya saratani. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nafahamu kwamba mada kama hii watu hutarajia isemwe kwa maneno ya upendo na uvumilivu. Hayo mliyasikia siku mlipofunga ndoa, na waliowafundisha wanayajua kuliko mimi. Mimi nitasema habari za tarehe, nauli, damu na homa. Kitanda pia nitakigusa, wazee mnivumilie.

Ninachotaka tuelewane ni hiki: katika miezi mitatu ya kwanza, kazi kubwa ya mwenza ni kuhakikisha tiba ikishaanza haikatiki. Mengine yote yanaifuata hiyo.

Chukueni saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani zote nchini kuwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na kati yao zaidi ya 10,000 ni wanawake wenye saratani hii moja. Ikiwa haijasambaa mbali lakini imeshapita hatua ya kufanyiwa upasuaji, tiba yake ni mionzi ya nje siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, dripu ya dawa iitwayo cisplatin mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane, yaani siku 56. Ukipitiliza hapo, kila siku moja inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takribani asilimia moja. Sababu yake inaeleweka: mionzi inaua seli za saratani kwa awamu, na zile zinazobaki hai, baada ya wiki chache, huanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Ukisimama katikati, unazipa nafasi.

Sasa fikirini maneno tunayoyazoea: "Aje kwanza tuvune, atarudi kumalizia." Au umetokea msiba wa shangazi, na mgonjwa anaitwa nyumbani kwa sababu asipoonekana watu watasema. Wiki moja ya matanga, ukichanganya na siku za safari ya kwenda na kurudi na siku za kusubiri apangiwe tena kwenye mashine, imeshakula sehemu kubwa ya kile ambacho serikali, familia na mwili wa mgonjwa vimegharamia. Mume anayepiga simu kwa ukoo na kusema, "Mama watoto haji, mimi nitamwakilisha," amemtibu mkewe siku hiyo kuliko muuguzi yeyote.

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa aende kwa mionzi Ocean Road siku tano kwa wiki anapanda daladala. Sisi tuko juu ya uwanda wa Ufipa, mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mgonjwa wa Kasanga au Kirando kabla hajafika hapa mjini ameshapanda mlima kutoka ziwani, na wa Mtowisa vilevile kutoka bondeni. Kutoka hapa hadi Tunduma ni kilomita 223 za lami, ambazo wenye umri wangu tunazikumbuka zilipokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Halafu Mbeya, halafu Dar es Salaam, jumla zaidi ya kilomita 1,100. Mwanamke anayetokwa na damu anakaa kwenye kiti cha basi mchana na usiku, anabadilisha vitambaa kwenye vyoo vya njiani, na mumewe hajui hata hilo kwa sababu ameona aibu kumwambia.

Huko anakokwenda ni kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, ile yenye jengo kongwe la Wajerumani la mwaka 1897 linalotazama bahari, ambayo ilifanywa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Mionzi ipo pia Bugando, Mwanza. Lakini popote atakapopelekwa, mgonjwa wa mionzi mara nyingi halazwi. Anaingia asubuhi, anachomwa dakika chache, anatoka. Maana yake anahitaji mahali pa kulala kwa karibu miezi miwili, katika mji asioujua, kwenye joto ambalo mtu wa Ufipa hajalizoea hata akiwa mzima.

Nani aende naye? Hapa nitatofautiana na wanaohubiri kwamba mume mwema asibanduke pembeni ya mkewe. Anayeyasema hayo hajawahi kulala wodini. Mke akilazwa, wodi ni ya wanawake. Mwanamume ataingia saa ya kuona wagonjwa na kutolewa nje ikiisha. Kuogesha, kubadilisha nguo, kushika beseni usiku, kutafanywa na dada yake au binti yake. Na shamba likikosa mtu mwaka huu, mwakani familia itakufa njaa hata kama mama amepona. Nionavyo mimi, mume aende mwanzo. Awepo siku daktari anapoeleza tiba, awepo siku ya kusaini fomu ya ridhaa, alione chumba ambamo mkewe atalala, ajue jina la muuguzi wa kumpigia simu. Baada ya wiki ya kwanza abadilishane na ndugu wa kike, yeye arudi kwenye jembe, na simu iwe na chaji. Ila msimtoe binti wa sekondari shuleni kwa miezi miwili kwa sababu tu yeye hana sauti ya kukataa. Watu wazima wapo kwenye ukoo.

Fedha. Familia nyingi hapa akiba yao iko kwenye kihenge na zizini. Barua ya rufaa ikitoka Februari, kihenge kinakaribia kuisha na mahindi mapya bado yako shambani, na hapo ndipo wanunuzi wajanja wanapopita kununua mazao mabichi kwa bei ya kutupa. Nimeona pia watu wakikimbilia kuuza maksai wa kulimia. Jamani, uzeni mbuzi, uzeni hata baiskeli, kopeni kwenye kikundi. Maksai wa jembe wawe wa mwisho kabisa, kwa sababu tiba hii ina safari ya pili na ya tatu na itawahitaji wazalishe. Na kabla ya kuuza chochote, mume aende kwa mtendaji wa kijiji apate barua, aende nayo ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini aulize habari za msamaha, na kama kuna kadi ya bima aulize inalipia nini na hailipii nini. Aulize hapa Sumbawanga. Kuuliza Dar es Salaam wakati mfuko umeshatoboka ni kuchelewa.

Nitawasimulia mtu mmoja wa upande wa Laela. Alikuwa mkulima, darasa la saba, mwenye mwandiko mkubwa wa kuegemea kushoto. Mkewe alianza dripu za saratani ya matiti, kila baada ya siku 21. Yule bwana alinunua daftari la hesabu la mistari ya miraba, akaligawa kwa safu: tarehe, dawa, joto, alichokula, alichotapika. Safu ya mwisho aliiandika "Maswali". Siku ya kliniki alikuwa hasemi neno mpaka daktari amalize, kisha anafungua daftari na kuanza: "Tarehe kumi na tisa mkojo ulikuwa mwekundu asubuhi na mchana. Ni damu?" Daktari akamweleza kwamba ni ile dawa yenyewe, kwamba ni nyekundu na inatoka ilivyoingia, na itaisha siku moja au mbili. Bwana akaandika jibu kando ya swali. Safari iliyofuata daktari mwingine alikuwa zamu na faili halikuonekana mapema. Daftari ndilo lililosema mgonjwa amepata dozi ngapi na lini.

Mgonjwa hawezi kufanya kazi hiyo. Anayeambiwa una saratani husikia neno hilo moja, mengine yote yanampita. Ndiyo maana ninasisitiza watu wawili waingie chumba cha daktari, na mmoja wao awe na kalamu.

Katika maswali ya daftari hilo, moja linaogopwa na watu wote, na mwenza ndiye anayepaswa kuliuliza: "Daktari, tiba hii ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu na kuongeza muda?" Wagonjwa wetu wengi wanafika wakati ugonjwa umeshakwenda mbali. Jibu likiwa ni la pili, bado kuna mengi ya kufanya, ikiwemo morfini ya maji kwa maumivu, ambayo haina sababu ya kuogopwa ikitolewa kama daktari alivyoelekeza. Lakini familia inayojua jibu haitauza shamba lote kwa kufukuza kitu ambacho daktari hakukiahidi.

Damu nayo. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi amevuja kwa miezi kabla hajaja, na mionzi hufanya kazi vizuri zaidi mwilini mwenye damu ya kutosha. Mara nyingi madaktari wataagiza aongezewe kwanza. Hapo nimeshuhudia jambo la kusikitisha na kuchekesha pamoja: wanaume wenye mabega mapana, waliobeba magunia ya mahindi tangu ujana, wanatoweka mmoja mmoja wakisikia neno sindano. Shemeji zangu, chupa moja ya damu haimdhoofishi mtu mzima mwenye afya. Mume ajitolee wa kwanza, ndugu watamfuata.

Sasa homa, na hapa naomba hata wanaosinzia waamke. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka. Hizo ndizo askari wa mwili. Mgonjwa akifikisha joto la nyuzi 38 katika siku hizo, ni dharura ya usiku huohuo, kwa sababu maambukizi madogo yanaweza kumuua kabla hakujapambazuka. Kwetu Juni na Julai kuna baridi kali, mgonjwa anatetemeka, anaongezwa blanketi la pili, jiko linasogezwa karibu, watu wanasema ni baridi ya msimu. Au anapewa dawa ya malaria na kuambiwa alale. Nunueni kipimajoto. Ni kitu kidogo, kwenye duka la dawa kipo. Mkifika zahanati, sentensi ya kwanza kabla hata ya salamu kukamilika iwe: "Huyu anatibiwa saratani, alichomwa dripu siku kumi zilizopita." Mganga wa zahanati aliye peke yake zamu usiku atakimbia kwa namna nyingine akiisikia sentensi hiyo. Asipoambiwa, ataona mgonjwa wa homa kama wengine.

Chakula sitakikalia sana. Uji wa ulezi tunao, migebuka na dagaa wanapanda kutoka ziwani, mayai yapo. Maji ya kunywa yachemshwe, matunda yaoshwe. Jambo moja tu ambalo mpishi wa Kifipa hulipokea kwa mshangao: wakati wa mionzi ya tumboni, utumbo huwaka na kuharisha, na maharage, ambayo ndiyo mboga yetu ya kila siku, huongeza gesi na kuharisha huko. Yapunguzwe kwa wiki hizo. Na siku za cisplatin anywe maji ya kutosha kama atakavyoelekezwa, kwa sababu dawa hiyo ni nzito kwa figo.

Figo zinanileta kwa waganga wa kienyeji. Nchi nzima inatutania Wafipa kwa uchawi, na sisi wenyewe tunacheka, lakini ndani ya ukoo saratani ikiingia kicheko kinakwisha. Mama mkwe ataleta chupa. Mjomba atasema tukaangaliwe kwanza. Simwombi mume agombane na wazee wakati mkewe anaumwa, maana ugomvi huo utamwangukia mgonjwa. Wakitaka kuomba, waombe. Wakitaka kikao, kikae. Mstari uwekwe sehemu mbili tu: hakuna dawa ya kunywa inayochanganywa na dripu bila daktari kujua, kwa kuwa mizizi mingine huharibu figo na ini, na hakuna tarehe inayosogezwa. Tulijifunza mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 pale Samunge, Loliondo, misururu ya magari ilienda kilomita nyingi, na miongoni mwa waliokuwa kwenye foleni walikuwepo watu waliotoka vitandani hospitalini. Mchungaji mwenyewe alifariki mwaka 2021. Shilingi 500 haikumfilisi mtu. Kilichopotea ni miezi.

Kuhusu kusema au kuficha ugonjwa, mgonjwa ndiye mwenye siri, na yeye ndiye aseme nani aambiwe. Ila nakumbusha kwamba Taifa liliambiwa wazi mwaka 1999 kwamba Mwalimu Nyerere anaumwa saratani ya damu, na Februari 2024 Rais Samia alipotangaza kifo cha Mzee Mwinyi alitaja saratani ya mapafu kwa jina. Ikiwa ugonjwa wa marais wetu umetajwa, sioni kwa nini wa kijijini uitwe "vidonda vya tumbo" mpaka mazishini.

Nimeahidi habari za kitanda. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mume akisikia hivyo, swali linalomjia ni: "Alivitoa wapi?" Virusi hivyo ni vya kawaida mno, wengi wetu humu tumewahi kuwa navyo bila kujua, na tangu viingie mpaka saratani itokee hupita miaka 15 hadi 20, au pungufu kwa mwenye kinga dhaifu. Wanawake wanaoishi na VVU wako kwenye hatari takribani mara sita zaidi. Kwa hiyo ugonjwa wa leo hauwezi kuwa ushahidi wa jambo lililotokea mwaka jana, na aliyevileta nyumbani huenda akawa huyo anayeuliza. Saratani yenyewe haiambukizi. Kulala kitanda kimoja hakuna hatari. Wakati wa mionzi tendo la ndoa linasitishwa. Baadaye uke huweza kuwa mkavu na kubana, hedhi hukoma, na uzazi huwa umefika mwisho. Haya mume ayasikie kutoka kwa daktari kabla mkewe hajasaini, aulize kuna msaada gani, na muuguzi atamweleza. Akiyagundua mwenyewe miezi sita baadaye, atadhani amekataliwa.

Na wapo wanaoondoka. Mwaka 2009 jarida la Cancer la Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 515 wenye saratani au maradhi mazito ya mfumo wa fahamu. Mgonjwa akiwa mwanamume, ndoa zilizovunjika zilikuwa asilimia 2.9. Akiwa mwanamke, zilikuwa asilimia 20.8. Nchi yao, mahakama zao. Kwetu hakuna anayekwenda mahakamani. Simu inakuwa haipatikani tu, au mgonjwa anarudi kutoka Dar es Salaam anakuta kuna mwanamke jikoni ambaye ameambiwa amekuja "kusaidia". Sina takwimu ya Rukwa ya jambo hilo na sihitaji, kila aliyekaa wodini anazifahamu sura zao.

Mgonjwa akiwa mume, shida ni ya namna nyingine. Ukanda wetu wa Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia kushuka hadi Malawi, una saratani nyingi ya umio, na mwanamume anaanza kwa kusema ugali unakwama, anashushia na maji, kisha anakula uji tu, na hataki kwenda. Mke anayemwambia, "Baba, twende tukapimwe, ukirudi utanigombeza," afanye hivyo mapema, kwani umio ukishaziba machaguo yanabaki machache. Na yeye atabeba shamba, watoto na mgonjwa, huku shemeji wakihesabu mashamba. Wakwe mlioko humu, mkimpelekea debe la unga na kumwachia maamuzi yake, mmesaidia.

Namalizia na walioajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama ilivyotungwa mwaka 2004, inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiumwa au akifariki. Kwa mume au mke, sheria hiyohiyo inataja kifo peke yake. Mwalimu wa Namanyere akifiwa na mkewe ana siku nne za kuzika, lakini mkewe anapoanza mionzi hana hata moja yenye malipo ya kumsindikiza iliyoandikwa kwa ajili hiyo. Wabunge wetu wa Rukwa wanaweza kulipeleka hilo Dodoma. Wakati tunawasubiri, nawaomba wakuu wa shule, wakurugenzi wa halmashauri, wenye kampuni na wenye maduka mlioko hapa: mfanyakazi akija na karatasi ya tarehe za tiba za mwenza wake, mruhusuni aigawe likizo yake ya mwaka kufuata tarehe hizo, siku tatu huku, siku nne kule, na msimkate mshahara.